Mikono Chini ya Kitambaa

Ujumbe uliingia saa sita kasoro dakika kumi mchana.

"Mashine mbili zimegombana. Patron amekasirika. Fundi aje leo."

Ursule aliusoma mara moja, kisha akaufuta.

Walikuwa wamekubaliana na Papa Hubert tangu mwanzo. Akiandika "kesho", mambo ni shwari. Akiandika "leo", shingo yake iko chini ya panga.

Aliilaza Tecno yake juu ya meza na kuangalia duka lake dogo la kutengeneza kompyuta, nyuma ya soko la Makiso, Kisangani. Kwa wateja alikuwa mama fundi tu, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye miwani na bisibisi. Kwa Ofisi ya upelelezi alikuwa Kumi na Moja, na Papa Hubert alikuwa jicho lake ndani ya nyumba ya Médard Bosenge. Kwa miezi minane mzee huyo alikuwa akimwandikia Médard barua na karatasi za mizigo, na kila Jumapili baada ya misa alimnong'oneza Ursule aliyoyaona.

Simu ikalia. Michel, mkuu wake.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Boti ya mwisho inaondoka saa tisa. Katoni mia nne."

"Zile dawa?"

"Zile zile. Vidonge vya malaria vya chokaa. Wageni waliovitengeneza wanataka mto wote uvimeze kabla ya mvua. Boti tatu zimeshatangulia. Hatujui zinashushia wapi. Orodha ya bandari iko kwenye mashine ya Hubert."

"Na Hubert mwenyewe?"

"Orodha kwanza, Ursule. Mzee akiwezekana, vizuri. Asipowezekana, hiyo ndiyo kazi yetu."

Simu ikakatika.

Ursule alibaki amesimama. Alifanya ishara ya msalaba. Hakuwa na maneno mengi.

"Bwana, mimi sijui kupima watu kwenye mizani. Usinipe mizani."

Akafunga mfuko wake. Laptop ya ThinkPad. Waya wa mtandao mita tano. Koleo. Kipimo cha umeme. Na kisanduku cha chuma cha alimentation, kile kinacholisha kompyuta umeme, cha mashine ya zamani, chenye skrubu nne. Ndani yake hamkuwa na alimentation.

Mlikuwa na bastola, Glock 19.

*

Pikipiki ya Bajaj Boxer ilimshusha mbele ya geti jeusi, karibu na mto.

Rolly alimngojea. Mtu mpana, redio ya Motorola kiunoni, macho mekundu ya asiyelala. Alimwaga mfuko wote juu ya kiti na kupekua kimoja kimoja.

"Mama, hii kisanduku iko ya nini?"

"Alimentation ya ordinateur. Ilikufa. Natoa vipande ndani."

Alikipima mkononi.

"Iko muzito."

"Courant ya umeme iko muzito, papa. Ingekuwa mwepesi, Kisangani yote ingekuwa nayo."

Rolly hakucheka, lakini alikirudisha.

Chumba cha kazi kilikuwa ghorofani. Ursule aliingia, na jambo la kwanza aliloliona halikuwa kompyuta.

Papa Hubert alikaa katikati ya chumba juu ya kiti cha plastiki. Miaka sitini na saba. Shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka na damu imekauka kidevuni.

Hakumwangalia. Alijua kazi.

"Mama fundi, karibu, keti," alisema Médard Bosenge. Sauti yake ilikuwa laini, sauti ya mtu anayeagiza chai. "Mimi si mutu wa makelele. Niko na swali moja. Kama mashini iko muzima, basi mutu iko muongo. Unipe jibu ya ile, nikulipe, uende."

"Nionyeshe mashine, patron."

Zilikuwa mbili. Upande wa kushoto, kompyuta ya mezani ya Hubert. Ilikuja kutoka Kampala kwa barabara ya Bunia, na fundi aliyeileta aliiwekea Linux. Upande wa kulia, HP mpya ya Médard yenye Windows, iliyopanda mto kutoka Kinshasa wiki iliyopita baada ya laptop yake ya zamani kufa. Kati yao kisanduku cha Wi-Fi cha TP-Link, taa zake za kijani zikipepesa. Printa ilikuwa upande wa HP.

Ursule aliinama na kuangalia nyuma ya mashine ya Hubert.

Matundu yote ya USB yalikuwa yamezibwa kwa gundi. Hata waya za kibodi na kipanya zilikuwa zimegandishwa.

Médard alitabasamu. "Flash haiingii, flash haitoki. Nilifanya mwenyewe."

Hivyo faili la Hubert lilikuwa na mlango mmoja tu duniani, nao ni mtandao wa nyumba hii. Kwa Médard na kwa Ursule pia.

"Ile mashini ya Linux iko na dossier moja ya kugawana," Médard aliendelea. "Laptop yangu ya zamani iliifungua vizuri. Hii mpya, hapana. Na neno la siri nilimupa mimi mwenyewe, kwa mdomo yangu. Wagenia. Nikiandika Wagenia kwa laptop yangu, inakataa. Nikienda pale kwa mashini yake, niandike Wagenia, inakataa. Yeye akiandika, inafunguka. Alors?"

"Patron, naandika ile ile," Hubert alisema taratibu. "Mbele ya Mungu."

"Usimuweke Mungu ndani ya réseau, ndani ya mtandao yangu, papa. Ulibadilisha neno. Unaficha kitu. Unamufichia nani?"

Rolly aliegemea mlango. "Boti iko na nafasi ya abiria mumoja. Tutamushusha mbele ya Isangi. Pale katikati."

Katikati pale hapana bandari, ni maji tu. Wote chumbani walijua.

Ursule alitazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika tano.

"Makaratasi ya mizigo lazima yatoke kwa printa saa nane na nusu," alisema Médard. "Mama, fanya kazi."

*

Ursule alijifunza kompyuta akiwa na miaka thelathini na tano, katika masomo ya jioni ya parokia, pamoja na wasichana waliomwita mama. Mwalimu wao alikuwa na msemo mmoja. Usianze na hofu, anza na waya.

Akaanza na waya.

Waya ulikuwa mzima. Akakaa mbele ya HP, akafungua dirisha jeusi, akaiita mashine ya Hubert kwa namba yake. Majibu manne yalirudi, moja baada ya jingine. Mashine zilikuwa zinasikiana.

"Zinasikiana," alisema.

"Basi ni mutu," alisema Rolly.

"Subiri, papa. Hata mume na mke wanasikiana na hawafunguliani mlango."

Médard alicheka puani.

Ursule akaingia kwenye mipangilio ya mtandao. HP ilikuwa mpya, na siku ya kwanza mtu aliiambia kwamba hapa ni mahali pa umma, kama uwanja wa ndege. Kwa hiyo ilijificha, isione jirani wala kuonekana. Akaigeuza iwe mtandao wa nyumbani.

Bado.

"Papa, nifungulie na ile yako."

Hubert aliinuka. Aliketi mbele ya mashine, vidole vikagonga haraka, na skrini ikafunguka.

Ursule akaangalia ukuta wa ulinzi wa Linux. Ulikuwa umefungwa kwa kila mgeni mpya. Ni laptop ya zamani tu iliyoruhusiwa kwa namba yake. Aliandika amri moja, na Samba, programu ya kugawana mafaili, ikapewa njia.

Kwenye HP, jina likatokea lenyewe. BURO-HUBERT.

Médard akasogea. Kisha dirisha dogo likafunguka: jina la mtumiaji, neno la siri. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. W. A. G. E. N. I. A.

Imekataliwa.

Aliandika tena, polepole zaidi.

Imekataliwa.

"Unaona, mama?" Sauti yake ilikuwa bado laini. "Mulango iko. Njia iko. Neno ndiyo hapana."

Ursule alirudisha macho kwenye mashine ya Hubert.

Angeweza kumaliza kwa dakika moja. Amri moja tu kwenye Linux, na neno jipya la siri lingewekwa. Dossier ingefunguka, karatasi zingechapwa, orodha angeichukua. Michel angefurahi.

Na Médard angekuwa amepata jibu lake. Mashine nzima. Mtu mwongo.

Kutengeneza mlango hakutoshi. Lazima amwonyeshe Médard kwa nini ulikataa.

Tecno ilitetemeka mfukoni mwake. Alijua ni nani. Hakuitoa.

"Papa Hubert," alisema, "siku ile fundi aliweka neno la siri, nani alikuwa kwenye kibodi?"

"Mimi."

"Uliona herufi ulizoandika?"

"Hapana, mama. Ilikuwa skrini nyeusi. Haikuonyesha kitu. Hata nyota."

"Na kwenye laptop ya zamani ya patron?"

"Ile ilitoka Kampala pia. Nilifungua siku moja, ikakumbuka."

Ursule akatoka kwenye akaunti ya Hubert. Skrini ya kuingilia ikarudi.

"Fungua tena. Polepole."

Mzee akaandika. Safari hii Ursule hakuangalia skrini. Alimwangalia mzee.

Macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya dayosisi ukutani.

Mashine ikafunguka, na macho ya Hubert hayakuwa yamegusa kibodi hata mara moja. Yeye mwenyewe Ursule, hata leo, huwinda kila herufi kama kuku anayetafuta punje. Médard ni vilevile. Mzee huyu aliandika kama kipofu anayejua njia ya nyumbani.

"Papa, ulijifunza wapi kuandika?"

"Kwa masista, Yanonge. Mwaka wa sabini na tano. Kwa mashini Olympia." Kwa mara ya kwanza kitu kama kiburi kilipita usoni mwake. "Walitufunika mikono kwa kitambaa. Ukiangalia vidole, sista anakupiga na rula. Sisi tisa tuliingia, watatu ndio tulitoka na diploma."

"Mambo ya zamani," alisema Rolly. "Saa inaenda."

Ursule aliangalia kibodi ya mashine ya Kampala. Safu ya juu, kutoka kushoto: Q, W, E, R, T, Y.

Akaangalia HP ya Kinshasa.

A, Z, E, R, T, Y.

Akaitazama tena mikono ya mzee.

*

"Patron, unipe kitambaa."

"Kitambaa?"

"Leso yako."

Médard alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa leso nyeupe mfukoni mwa koti.

Ursule alirudi kwenye skrini ya kuingilia ya Linux. Hakwenda mahali pa neno la siri. Alichagua mahali pa kuandika jina, ambapo kila herufi huonekana. Akatandaza leso juu ya mikono ya mzee na juu ya kibodi.

"Papa. Andika Wagenia."

Hubert alifumba macho. Midomo yake ilitembea, na Ursule alijua hasemi neno la siri. Alikuwa anaomba.

Vidole vikagonga mara saba chini ya kitambaa.

Kwenye skrini, kwa herufi kubwa na wazi, mbele ya wote:

Zqgeniq

Rolly alisogea, akasoma kwa shida. "Zi... zik... Hii iko luga gani?"

"Luga ya Kampala," alisema Ursule. "Patron, angalia hapa. Kibodi hii iko ya Kiingereza. Ile yako ya Kifaransa. Mahali ambapo Olympia ya masista ilikuwa na W, hapa kuna Z. Mahali pa A, hapa kuna Q. Wewe na mimi tunaangalia, tunabonyeza herufi tunayoiona. Papa haangalii. Alipigwa rula ili asiangalie. Vidole vyake viliandika Wagenia ya masista, mashine ikaandika hii, na skrini ikanyamaza."

"Lakini barua zake zinatoka sawa."

"Nililalamika, patron," alisema Hubert. "Wiki ya kwanza herufi zilichanganyika. Fundi akageuza ikae Kifaransa. Zikawa sawa."

"Aligeuza ndani ya nyumba," alisema Ursule. "Mlango, hii skrini ya kuingilia, akauacha ulivyokuwa."

Akaenda kwenye HP. Aliandika kwa vidole viwili, akiangalia kila herufi. Z. Q. G. E. N. I. Q.

Dossier ikafunguka.

Faili sita zilijipanga kwenye skrini kama watoto wa komunyo.

Médard alizitazama. Alivuta pumzi, akaitoa. Kisha akafanya jambo ambalo Ursule hakulitarajia. Alienda mpaka kwenye kiti cha Hubert, akaweka mkono begani mwake.

"Papa, unisamehe. Nilikuita muongo. Hukukuwa muongo."

Hubert aliinamisha kichwa.

Kwa miezi minane mzee alikuwa akimwuza Médard kila Jumapili. Leo hakuwa amesema uongo hata mmoja, na leo ndiyo alipigwa, na leo ndiyo aliombwa msamaha. Hakuna askari aliyefundishwa kubeba kitu kama hicho. Mzee mpiga taipu, hata kidogo.

"Likambo te, patron," alisema Hubert. Hakuna neno.

*

Saa nane na dakika kumi.

"Lazima nipime na mashine ya tatu," Ursule alisema, akitoa ThinkPad yake. "Kama mbili zinasikiana na ya tatu hapana, kesho utaniita tena bure."

"Pima," alisema Médard. Alikuwa tayari anachapa.

Akaingia kwenye Wi-Fi ya nyumba. Akaiita BURO-HUBERT. Zqgeniq. Faili zikaonekana.

La nne liliitwa BANDARI.

Akazivuta zote sita. Mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye skrini yake.

Pumzi ya Rolly ilikuwa juu ya bega lake. Ilinuka kitunguu na sigara.

"Hii mustari ya kijani iko nini?"

"Mbio ya réseau."

"Iko mbio?"

"Inatembea kama toleka kwenye mchanga, papa. Unaona mwenyewe."

Kwa Rolly toleka ilikuwa kitu cha kudharau. Baiskeli ya maskini, yeye alikuwa na pikipiki. Aliguna, akarudi mlangoni.

Mstari ukafika mwisho. Ursule alifungua faili la nne kwa nukta moja. Boti nne. Bandari tisa. Yanonge, Isangi, na kuendelea mpaka Barumbu. Majina ya watu wa kupokea. Saa za kufika.

Akabadili ThinkPad kutoka Wi-Fi ya nyumba kwenda intaneti ya Tecno yake, na faili likaondoka kwenda kwa Michel.

Simu ikatetemeka mara mbili. Imepokelewa.

Orodha ilikuwa imetoka. Kwa Michel kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kufunga mfuko na kuteremka ngazi. Lakini mzee alikuwa bado chumbani.

Printa ilitema karatasi ya mwisho. Médard alizipanga, akazitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Rolly atapeleka kwa kapiteni," Ursule aliwaza. "Na atamchukua Hubert, au hatamchukua?"

"Papa Hubert," alisema Médard. "Peleka wewe. Peke yako. Leo nimeona uko mutu wa kweli."

Rolly alisogea. "Patron, nilikuwa niende..."

"Wewe unabaki." Médard alimgeukia Ursule, bado na tabasamu lake. "Mama fundi anajua neno ya siri. Anajua dossier iko wapi. Atakunywa chai na sisi mpaka boti ipite Yanonge. Si ndiyo, mama?"

Kufika Yanonge, boti hizo huchukua mpaka giza.

"Chai haikataliwi," alisema Ursule.

Hubert alisimama na ule mfuko mikononi. Hakutembea. Alimtazama Ursule, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu ambacho Ursule hangeweza kukijibu mbele ya watu. Nikiondoka, wewe?

Kama angesita nukta tatu zaidi, Médard angeona.

"Enda, papa," alisema Ursule kwa sauti ya mama wa dukani. "Karatasi zisilowane jasho. Wino bado mubichi."

Mzee akashuka ngazi. Geti likalia. Nje, kengele ya toleka. Kisha hakuna.

*

Chai ilikuja kwenye vikombe vya kioo, ya moto, na tangawizi.

Ursule alikinywa chake kwa kugusa midomo tu. Alitoa bisibisi, akaweka kisanduku cha alimentation magotini.

"Nitoe vipande huku nikingoja. Saa ni saa."

Skrubu ya kwanza. Ya pili.

Alisali ndani, bila kuchezesha mdomo. Salamu Maria, kumi za kwanza. Afike bandarini. Kumi za pili. Michel awe ameifikisha orodha kwa Commandant Papy wa police ya mto. Katika kumi za tatu hakujua aombe nini, akaomba kwa ajili ya Médard, maana aliona mkono ule begani mwa mzee na hakuweza kusahau. Ilimsumbua. Ni rahisi zaidi adui asipokuwa na mkono.

Skrubu ya tatu.

Saa tisa na dakika nane, simu ya Médard ililia.

Alisikiliza. Rangi ya uso wake ilibadilika taratibu, kama maji yanapoingia majivu.

"Boti zote?" aliuliza. "Na Isangi? Wakati mumoja?"

Akasikiliza tena.

"Walijua bandari zote," alisema, akaishusha simu. Alikuwa anajisemea. "Zote tisa. Lakini orodha haijatoka kwa..."

Macho yake yakaenda kwenye HP. Kisha kwenye kompyuta ya Hubert. Kisha, polepole sana, kwenye ThinkPad.

"Mashini ya tatu," alisema.

Rolly alikuwa mwepesi kuliko mwili wake. Mkono ulishuka kiunoni na kupanda na bastola.

Chai ilimkuta usoni.

Alipiga yowe. Risasi ikaingia darini na plasta ikamwagika. Ursule alikuwa ameshaondoka kwenye kiti, kifuniko cha chuma kikianguka, skrubu ya nne ikining'inia. Kisanduku kitupu kiligonga kifundo cha mkono wa Rolly. Bastola yake ikaanguka, ikateleza chini ya printa.

Glock ilikuwa imesimama sentimita ishirini mbele ya pua yake.

"Kaa, papa," alisema Ursule. "Chini. Mikono juu ya kichwa."

Rolly akakaa.

Nje, Land Cruiser iliingia bila kungoja geti lifunguliwe. Buti kwenye ngazi.

Médard hakuwa amesogea. Alikuwa bado amesimama karibu na kiti cha plastiki.

"Mama fundi."

"Ndiyo."

"Papa Hubert. Ile ya kitambaa. Ilikuwa mupango yenu?"

"Hapana."

"Hakudanganya?"

"Kwa neno la siri hakudanganya."

"Na kwa mengine?"

Ursule alifikiri juu ya katoni mia nne za chokaa, na juu ya homa za watoto wa Barumbu.

"Kwa mengine alifanya alichoweza."

Askari wakaingia. Médard alinyoosha mikono yake mbele, bila kuambiwa, kama mtu anayetaka kunawa.

*

Papa Hubert alikaa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha police ya mto. Chini yake, boti ilikuwa imefungwa kamba tatu, na askari walikuwa wanapitishiana katoni mkono kwa mkono. Mfuko wa plastiki ulikuwa bado kifuani mwake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aushushe.

Ursule aliketi kando yake.

"Walikusumbua, papa?"

"Hapana. Commandant alinipa kiti." Aliubana mfuko kifuani. "Aliniomba msamaha, mama."

"Commandant?"

"Patron."

Ursule alitazama katoni zikipita.

"Miaka arobaini na nane naandikia watu," alisema Hubert. "Wazungu wa shamba, wafanyabiashara, padri mmoja mkali. Hakuna hata mmoja aliniomba msamaha. Yule peke yake. Nikateremka ngazi, nikapanda toleka, nikampeleka kwa police."

"Vile vidonge, papa..."

"Najua vidonge. Niliandika mimi zile karatasi." Aliipangusa damu kavu kidevuni kwa mgongo wa mkono. "Ningefanya tena. Lakini usiniambie nifurahi."

"Siwezi kukuambia hivyo."

Wakakaa. Mto ulipita mbele yao, kahawia na mpana, ukibeba magugu kuelekea Isangi. Baada ya muda Hubert aliweka mfuko chini, akakunja mikono, na Ursule akakunja yake. Hawakusema sala kwa sauti. Mmoja alipomaliza alimngojea mwenzake.

"Leo utalala wapi?"

"Kwa binti yangu Josée. Amepika liboke. Anafikiri nimechelewa kazini."

"Askari wawili watakaa nje ya nyumba yake."

"Atawalisha. Ndiyo tabia yake."

Tecno ikalia. Ursule aliinuka, akasogea hatua chache.

"Kumi na Moja," alisema Michel. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo si ya kawaida. "Boti nne. Bandari tisa. Watu kumi na saba. Kinshasa wamenipigia wenyewe. Hukushika simu, nilitaka kukuambia uondoke mara tu orodha ikitoka."

"Nilikuwa nakunywa chai."

"Bon. Ripoti nataka kabla ya giza. Idadi ya katoni, majina, njia uliyoingilia kwenye réseau."

"Andika hili kwanza."

"Lipi?"

"Papa Hubert yuko hai. Mstari wa kwanza. Katoni zifuate."

Kisha Ursule alisikia vidole vikigonga kibodi, taratibu, kimoja kimoja.

"Nimeandika," alisema Michel.

Ursule alikata simu. Aliweka mfuko begani, akapanda mteremko wa bandari kuelekea barabara, na kuinua mkono kwa Boxer ya kwanza iliyopita.

"Mama, wapi?"

"Parokia," alisema. "Polepole tu. Hakuna anayenifukuza."